Majani ya Kilomita Sitini na Saba

Kama umewahi kupita kwenye kituo cha reli cha Kindu, upande wa lango kubwa, basi mzee Asumani umemwona, hata kama jina lake hulijui. Ni yule fundi wa baiskeli mwenye kofia ya kufuma na beseni la bluu. Na kama ulikaa pale kidogo, umekiona na kichaa chake. Tawi likianguka barabarani, hata liwe la kumtishia kuku tu, mzee anaacha kazi, anaacha mteja na baiskeli yake miguu juu, anakwenda kuliokota na kulitupa mbali mtaroni. Mvua ya upepo ikipiga mtaa wake wa Kasuku usiku, kesho yake yeye ndiye wa kwanza njiani. Watoto wakamwita Baba Majani. Watundu walivunja tawi la mvokado makusudi, wakaliweka katikati ya barabara, wakajificha kumchekea. Yeye aliliokota tu, bila neno, na uso wake siku hiyo ulikuwa mbaya mpaka magharibi.

Aziza, mtoto wake wa pekee, alikua na aibu hiyo akaizoea, jinsi mtu anavyozoea paa linalovuja. Aliizoea na ile ya usingizini pia. Mara mbili tatu kwa mwezi, ukutani upande wa pili, baba yake alipiga kelele: "Nasimama! Nasimama!" Kisha sauti ya mama yake, Mwavita, ikimtuliza. Asubuhi mama alisema, "Baba yako anaota vita," na wakanywa chai. Nani huyo katika Maniema ambaye haoti vita? Mwavita akafa, Mungu amrehemu, na tangu hapo mzee aliota bila mtu wa kumwamsha.

Sasa huyu Aziza. Miaka ishirini na minne, mabega ya mtu wa kazi, ulimi mwepesi. Kampuni ya barabara ilipokuja kutengeneza njia ya Kalima ilitafuta madereva, na yeye akaenda kusimama kwenye mstari wa wanaume. Walicheka. Yule msimamizi, Gérard, akamwambia apande kamio, lori la kumwaga udongo, alirudishe nyuma katikati ya mapipa mawili. Akalirudisha. Kicheko kikaisha. Miaka miwili alibeba udongo mwekundu kutoka machimboni mpaka njiani, na hakuna kalavati kati ya Alunguli na Kalima ambayo hajaimwagia. Halafu fedha za mradi zikaisha, kampuni ikafunga virago, na Aziza akabaki na leseni mfukoni na moto, pikipiki ya kukodi ya kubebea watu mjini.

Kwa nini kamio na si cherehani? Kwa sababu ya hadithi. Mama yake alimsimulia tangu hajui kuvaa kiatu. Mwaka wa elfu mbili na moja, vita imekaza, Aziza ana mwaka mmoja na miezi, wako Kalima, homa imempanda mpaka macho yamegeuka, na dawa hakuna hata ya kunusa. Baba yake, shofere wa kamio la tajiri mmoja, akawapakia mama na mtoto mbele, akatoka alfajiri, na hakusimama popote. "Popote!" Mwavita alikuwa akisema, akipiga makofi. "Si kwa mto, si kwa njaa, si kwa bunduki. Mpaka kivukoni! Weye ni mutoto wa kamio, Aziza. Bila kamio ungekuwa udongo." Mtoto gani atasikia hadithi hiyo asitake kushika usukani?

Kwa hiyo Mama Mwanahamisi alipomwita depo, kwenye ghala lake, Aziza alifika hajamaliza hata kufunga kitambaa.

Mwanahamisi mnamjua. Yule mjane wa karibu na bandari, mwenye mapipa ya mawese na magunia ya mchele mpaka darini, mama mnene wa sauti ndogo. Shofere wake alikuwa amehamia Lubumbashi, na kamio lake la magurudumu kumi lilikaa uani linaota kutu. Safari ilikuwa ndefu: kuvuka mto kwenda Alunguli, Kalima, kushuka Kasongo, kisha huko mbali mpaka Kalemie kwenye ziwa. Kwenda na mchele na mafuta, kurudi na chumvi, sukari, simenti. Wakati wa jua, siku kumi. Wakati wa mvua, mwulize Mungu.

"Nimekuona ukiendesha ile njia," Mwanahamisi alisema. "Haukimbizi gari kama vijana hawa wanaokimbilia kaburi. Nakutaka. Ijumaa baada ya swala unipe jibu. Na uje na baraka ya baba yako. Mimi sichukui mutoto wa muntu kwa safari kama ile bila baba yake kusema ndiyo. Asumani na marehemu mume wangu walikula sahani moja."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Aziza alirudi kwenye moto wake akiipima kazi ile kama nyama ya sokoni, akiigeuza huku na huku. Mshahara wa kweli, kila mwezi. Dunia kuiona, si kuzunguka Kasuku mpaka uzee. Upande wa pili, matope ya mwezi wa kumi na moja, ambapo kamio huzama mpaka mlango na watu wakakaa wiki tatu wakila mzigo wenyewe. Kulala chini ya chasi. Vizuizi, na wenye bunduki wanaoomba chai. Na midomo ya watu! Rafiki yake Ramla alimwambia wazi, "Utazeekea njiani, dada. Mume utamuokota wapi?"

"Nitamuokota Kasongo," Aziza alimjibu, "nikichoka naye nimushushe Kalemie."

Walicheka mpaka machozi. Lakini moyoni alikuwa amekwisha kuamua. Ilibaki baba tu.

Na baba akakataa.

Hakupiga kelele. Alisema "hapana" akaendelea kula. Jumatano akasema "hapana" tena. Alhamisi baada ya alasiri Aziza alimfuata kazini, langoni kwa reli, akiwa amejaa maneno kama gunia lililoshonwa vibaya.

"Niambie sababu, Baba. Maana mimi naijua, ni haya tu unaona kuisema. Ni kwa sababu mimi mwanamuke. Ningekuwa kijana kama Sudi au Joël wa jirani ungekuwa umekwisha kunichinjia kuku."

Mzee alikuwa ameshika mpira wa ndani wa gurudumu, ameujaza pumzi, anauzamisha kidogo kidogo ndani ya beseni akitafuta tundu.

"Na weye, weye mwenyewe!" Aziza akaendelea. "Ulitoka Kalima katikati ya vita na mutoto anayekufa, hukusimama popote..."

"Nyamaza."

Neno lile lilitoka kwa sauti ambayo Aziza hakuwahi kuisikia mchana. Ilikuwa ile ya usingizini.

"Kaa," mzee akasema. Aziza akakaa juu ya kopo la rangi. "Unajua majani?"

Swali gani hilo? Nani kati ya watu wa barabara asiyejua majani? Kwenye njia zetu hakuna vibao vya pembe tatu vya kizungu. Gari ikikufia njiani, unakata matawi mabichi, unayalaza barabarani, hatua mia mbele na hatua mia nyuma. Mwenzako akiyaona anapunguza mwendo, na akikufikia anasimama. Si lazima awe na spea wala ufundi. Anasimama, anashusha kioo, anauliza: "Munakosa nini?" Gari ikipona, aliyelaza majani ndiye anayeyaondoa. Sheria hii haikuandikwa na serikali yoyote, ndiyo maana watu waliifuata. Shofere anayepita majani bila kusimama, wazee walisema, hata motoni atakaa peke yake.

"Kila shofere alikuwa na mukono wake wa kulaza majani," Asumani alisema, macho ndani ya beseni. "Yusufu, mume wa Mwanahamisi, alikuwa anafunga kipande cha kitenge kwa kila tawi, ili lionekane mbali. Kitenge cha muke wake, cha manjano, chenye ndege wekundu. Mwanahamisi alikuwa akilalamika: nguo zangu zote zinaishia porini! Tulikuwa tunacheka sana."

Akauzamisha mpira tena. Mapovu hayakutoka.

"Siku ile ya homa yako. Kilomita sitini na saba, pale penye kalavati na jiwe jeusi. Niliona tawi la kwanza. Kitambaa cha manjano. Tawi la pili. Kitambaa. La tatu. Nikakata kona, nikamuona. Kamio lake limeinama, gurudumu la mbele limetoka. Yeye amesimama katikati ya njia."

"Halafu?"

"Halafu nikapita."

Langoni pale moto zilikuwa zinapiga honi, mama mmoja anauza ndizi za kuchoma, mtoto wa mtu analia. Aziza aliyasikia yote hayo kwa mbali.

"Labda ulifikiri ni watu wa porini wameweka mutego," alisema.

"Watu wa porini walitoa wapi kitenge cha Mwanahamisi?"

"Basi ni kwa sababu yangu. Mimi nilikuwa nakufa, Baba. Ungesimama ningekufa."

"Hapana!" Mzee aliuachia mpira, maji yakaruka. "Usinipe hiyo. Mama yako alipoelewa baadaye alinipa hiyo miaka yote, nikaipokea, nikaila. Sikukufikiria weye hata kidogo. Tangu kilomita themanini nilikuwa nasikia risasi nyuma ya kilima. Nikasema, nikisimama hapa, tunakufa. Niliogopa, Aziza. Niliogopa kama mbuzi, nikakanyaga mafuta. Yeye akarukia pembeni nisimugonge. Mama yako alikuwa amekuinamia, amejifunika kichwa. Akasikia injini inalia, akauliza, nini ile? Nikamujibu: majani tu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Asumani ilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku mbili baada ya homa ile habari ziliingia mjini: kamio la Yusufu limeungua, yeye haonekani, majani yake yako bado barabarani. Watu wakaulizana nani aliyepita asisimame. Asumani akasema yeye alivuka mto siku moja kabla. Vita ilikuwa imeifunga njia, nani angekwenda kuhakikisha? Akarudisha ufunguo wa kamio kwa tajiri wake, akasema macho yanamsumbua, akanunua beseni. Njia ilipofunguka, miaka baadaye, wauza vyuma vikuukuu walikuwa wamelikatakata kamio lile mpaka bolti ya mwisho. Msitu ukafunika. Mwanahamisi hakupata hata mfupa wa kuzika.

"Weye unanifikiria nakukataza kwa kuwa ni mwanamuke," mzee alisema. "Endesha hata ndege! Lakini si kamio la nyumba ya Yusufu. Nimekula wali wa yule mama kila Idi na ile kitu kooni. Sasa nile tena kwa mukono wako? Hapana. Sitaweza."

Aziza aliinuka. Alitaka kumfokea, alitaka na kumshika mkono, akashindwa yote mawili. "Nimemwaga udongo pale," alisema tu. "Pale kwa jiwe jeusi. Kamio tatu nzima."

Siku ile hakubeba mteja tena. Alikaa na moto wake kando ya mto, akitazama mitumbwi inayovuka kwenda Alunguli, akiirudia hadithi ya mama yake. Hakusimama popote. Alikuwa ameijenga roho yake juu ya maneno hayo mawili matatu, na yalikuwa yameoza kwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo tunavyosema, na yeye alikuwa ameivaa nguo hiyo kwa fahari tangu utoto.

Akanyamaze? Angeweza. Ampe Mwanahamisi jibu la ndiyo, amdanganye kuhusu baraka, aondoke na kamio. Lakini kila asubuhi angepokea ufunguo kutoka kwenye mkono ule. Aseme? Kazi ingekufa palepale, na baba yake asingeweza kutembea Kindu hii tena. Au akatae tu bila sababu, aendelee kubeba watu na mbuzi zao mpaka moto imfie.

Lakini hayo yote hayakuwa ndiyo yaliyomwuma. Mambo aliyoyapima Jumanne, matope na vizuizi na kulala chini ya chasi, yalikuwa ya mwili. Hili lilikuwa jingine. Njia ile ingali na bunduki zake, hata leo. Siku moja ataona majani, na nyuma ya kilima patalia kitu. Yeye, damu ya Asumani, angesimama? Alijiuliza kwa haki kabisa, kama anavyojiuliza mtu aliye peke yake, na hakupata jibu. Hapo ndipo aliogopa kamio kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Ijumaa baada ya swala alikwenda depo kukataa. Alikuwa ameyapanga maneno: nashukuru, Mama, lakini baba amezeeka, sina wa kumwachia. Akaingia uani, akasimama ghafla.

Baba yake alikuwa amekwisha kufika. Amevaa kanzu yake nyeupe ya swala, amekaa kwenye benchi ya wapagazi, kofia mikononi. Mbele yake Mwanahamisi alikuwa amesimama karibu na pipa la mawese lililo wazi, mikono myekundu mpaka kiwiko. Aziza alijua palepale kwamba limekwisha kusemwa.

Mwanahamisi alichukua kitambaa akajifuta. Kidole kimoja, kingine, kingine. Alijifuta mpaka mikono ikawa safi, akaendelea kujifuta.

"Alikuwa muzima?" aliuliza.

"Muzima."

"Alikuona weye?"

"Aliniona. Aliijua sauti ya injini yangu toka mbali." Asumani aliikunja kofia. "Nilipokata kona alikuwa anacheka. Alinyanyua mukono."

"Alifikiri unasimama."

"Ndiyo."

Yule mama hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. "Miaka ishirini na mitatu nimeuliza kila shofere anayeingia mji huu," alisema kwa sauti yake ndogo. "Weye nilikuuliza mara ngapi, Asumani?"

"Mara tatu."

"Mara nne. Ya nne ilikuwa kwa matanga ya muke wako. Nilikuja na sufuria ya wali kichwani, nikakuuliza, ukanijibu huku unakula."

Asumani aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kanzu. Aziza aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na bado, lo, alimhurumia yule mzee kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Mama," alianza, "kuhusu kazi, mimi nilikuja kusema..."

"Nani ameongea kazi hapa?" Mwanahamisi alitoa ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, akamtupia. "Kesho asubuhi. Weye utaendesha. Na huyu atanionyesha pale."

Walivuka mto na kivuko cha kwanza, Lualaba imetulia na ukungu juu yake. Watatu walikaa mbele: Aziza kwenye usukani, mzee dirishani, Mwanahamisi katikati na kibegi chake magotini. Alunguli mpaka kilomita sitini na saba Aziza alikwepa mashimo aliyoyajua moja moja. Kamio lilikuwa zito na la uaminifu, gia zake zinaingia kama kisu kwenye ndizi mbivu, na Aziza aliona haya jinsi mikono yake ilivyolipenda siku kama ile.

"Hapa," mzee akasema.

Kalavati, jiwe jeusi, udongo mwekundu alioumwaga yeye mwenyewe. Aziza alizima injini. Msitu ukawafunika na kelele zake.

Asumani alishuka na panga. Alikata matawi sita, akayarudisha barabarani, kisha akabaki amesimama nayo kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mwanahamisi akafungua kibegi. Ndani mlikuwa na kipande cha kitenge, kimefifia, lakini bado cha manjano, na ndege wekundu wakionekana vizuri. Kilikuwa kile kilichobaki, kile ambacho Yusufu hakuwahi kukikata. Yule mama alikichana kwa meno vipande sita. Mzee alianza kufunga cha kwanza, akanyang'anywa. Mwanahamisi alifunga vyote mwenyewe.

Walilaza matatu upande wa Kalima, nyuma ya kona, na matatu upande wa Kindu. Halafu Asumani, bila kuambiwa, akaenda katikati ya njia, akahesabu hatua kutoka kwenye jiwe, akaonyesha chini.

"Alisimama hapa."

Mwanahamisi alivua viatu. Akasimama pale, miguu mitupu juu ya udongo, akafungua viganja, akasoma. Alisoma muda mrefu. Aziza na baba yake waliitikia amina kwa mbali, kila mtu upande wake.

Alipomaliza alivaa viatu, akasema bila kumtazama mzee, "Sitakusamehe, Asumani. Nisikudanganye. Mungu akitaka, ni kazi yake." Kisha akamgeukia Aziza. "Weye sina neno nawe. Ufunguo uko kwako. Ukitaka kazi, kazi njo hiyo. Usipotaka, unirudishe nyumbani tu."

Aziza alifungua mdomo. Swali lake la juzi lilikuwa palepale, limekaa kama mwiba wa samaki. Alitaka kumwambia yule mama: unampa kamio mtu ambaye hujui kama atasimama, na yeye mwenyewe hajui.

Ndipo wakasikia injini.

Ilitoka upande wa Kalima. Kamio kubwa, lenye mzigo, linashuka kilima kwa nguvu. Asumani aligeuka, panga mkononi, na uso wake ukawa wa majivu. Midomo ilikuwa ikitikisika. Aziza alimwona anasema kitu kilekile cha usingizini, bila sauti. Injini ilikaribia majani ya kwanza, kule nyuma ya kona wasikoweza kuona. Haikupunguza. Haikupunguza. Mwanahamisi alimshika Aziza mkono, akaufinya mpaka ukauma.

Kisha gia ikashuka. Tena ikashuka. Breki zikapiga mluzi, na kamio la kijani, limebeba magunia na watu juu ya magunia, likakata kona polepole na kusimama hatua kumi mbele yao. Kioo kikashuka. Kijana mwenye kofia ya mpira wa miguu akatoa kichwa.

"Munakosa nini?"

Mzee Asumani aliliachia panga. Akakaa chini, palepale, katikati ya barabara, na kanzu yake nyeupe juu ya udongo mwekundu, akalia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa.

Kijana akaruka chini. Jina lake lilikuwa Exaucé, limeandikwa kwa rangi juu ya kioo chake. Alilitazama kamio la Mwanahamisi, akalizunguka, akapiga magurudumu teke moja moja, na hasira ikampanda. "Lakini gari yenu ni nzima! Majani munalaza ya nini? Majani si muchezo, wee! Nimefunga breki na tani kumi nyuma, mama wajawazito wako juu kule!"

"Samahani, ndugu," Aziza alisema. "Ni kweli, tumekosa. Gari ilikufa hapa, lakini ni zamani."

"Zamani lini?"

"Miaka ishirini na mitatu," Mwanahamisi akajibu.

Exaucé alimtazama mama yule, akamtazama mzee aliye chini, akaviona vile vitambaa vya manjano. Akavua kofia yake.

"Ndugu," Aziza akamwuliza, "uliona watu watatu njiani, mumoja ana panga. Hukuogopa kusimama?"

"Ebu! Niliogopa sana," Exaucé alisema. "Hata sasa miguu inatetemeka, tazama. Lakini majani ni majani."

Aziza alitazama miguu yake. Kweli ilikuwa inatetemeka.

"Sasa munifungulie njia," kijana alisema, amekwisha kutulia, akivaa kofia. "Shofere wenu njo nani?"

Mwanahamisi alimtazama Aziza, akangoja. Na mzee naye, kule chini, aliinua uso uliolowa, akangoja.

"Njo mimi," Aziza akasema, akainama kuondoa majani.